Chungwa la kijani limeiva: tupime maji, tusipime ganda

Msimu wa machungwa ukifika, malori hupakia mchana na usiku wilayani Muheza, mkoani Tanga, yakielekea Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi. Mzigo wake ni wa kijani, au wa kijani kilichochanganyika na manjano hafifu. Kwenye rafu za maduka makubwa ya miji hiyohiyo hupangwa machungwa mengine, yaliyotoka Afrika Kusini au Misri, yaking'aa kwa rangi iliyokolea, kila moja na kibandiko chake, na mara nyingi kwa bei iliyo juu zaidi. Mnunuzi anayeyalinganisha mafungu haya mawili hukata shauri upesi: lililokolea rangi limeiva, na la kijani ama bado changa ama ni la daraja la chini. Hukumu hiyo ni kosa. Rangi ya ganda si ushahidi wa kuiva kwa chungwa, hasa katika nchi za joto kama zetu, na kadiri tunavyoendelea kuifanya kipimo ndivyo tunavyomwonea mkulima wa pwani na kumnyima mlaji tunda zuri lililo karibu naye.

Tuanze na mti wenyewe. Ganda la chungwa changa ni la kijani kwa sababu lina klorofili, ile rangi inayopatikana kwenye majani. Tunda linapokomaa, ndani yake sukari huongezeka na ukali wa asidi hupungua. Huko ndiko kuiva kwa chungwa, na hakuna kwingine. Ganda lina ratiba yake. Ili klorofili ivunjike na rangi ya manjano na nyekundu iliyojificha chini yake ionekane, mti unahitaji baridi, hususan usiku unaoshuka hadi kama nyuzijoto 13 au chini ya hapo kwa majuma kadhaa. Usiku wa namna hiyo hupatikana Afrika Kusini wakati wa kipupwe, hupatikana Misri na Hispania mwishoni mwa mwaka, lakini haupatikani kwenye tambarare za Tanga, ambako hata mwezi Julai usiku huwa karibu nyuzijoto 20. Chungwa la Muheza hutimiza sukari yake na maji yake yote likiwa bado limevaa kijani, kwa kuwa hakuna baridi ya kulivua. Tena, hata kwenye nchi za baridi, chungwa la aina ya Valencia ambalo limekwisha kukolea rangi, likiachwa mtini mpaka joto lirudi, ganda lake huanza kurudi ukijani huku ndani likizidi kuwa tamu. Kama kijani kingekuwa alama ya uchanga, tungelazimika kusema kwamba tunda hilo limerudi utotoni.

Historia imetupa jaribio zuri la jambo hili. Chungwa la Washington Navel, lile lenye kitovu, halina mbegu, kwa hiyo kila mti wake duniani umezaliwa kwa kubebesha: jicho la mti uliotangulia hupachikwa kwenye mche mwingine. Asili yake ni Bahia, jimbo la joto mashariki mwa Brazil. Mwaka 1870 idara ya kilimo ya Marekani ilipokea miche 12 kutoka huko, na mwaka 1873 Eliza Tibbets wa mji wa Riverside, California, akapata miche iliyozalishwa kutokana nayo. Mmoja wa miti hiyo ungali hai hadi leo. Huko California, penye mchana wa jua na usiku wa baridi, ganda lilikolea vizuri, na kutokana nalo kukajengwa biashara kubwa iliyoufundisha ulimwengu kwamba chungwa sharti liwe na rangi ile. Mti ulikuwa uleule wa Bahia, kizazi kwa kizazi, bila hata mbegu ya kuuchanganya na mwingine. Kilichobadilika ni usiku. Dunia ikachukua hali ya hewa ya sehemu moja, ikaigeuza kuwa sheria ya tunda zima.

Kwamba rangi hufuata mahali, watu walikwisha kuliona zamani sana. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad aliyefika pia pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliandika katika karne ya 10 kwamba danzi lililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 wa Hijria, likapandwa kwanza Oman, kisha likapelekwa Basra, Iraki na Shamu. Akaongeza kwamba huko lilikopelekwa lilipoteza harufu na rangi nzuri liliyokuwa nayo India, kwa kukosa hewa, udongo na maji ya kule. Hakuwa na kipimajoto wala hakujua klorofili, lakini alitambua jambo ambalo wanunuzi wa leo wanalisahau: rangi inaeleza habari za nchi tunda lilikokomaa. Habari za yaliyomo ndani ya tunda lenyewe hutafutwa kwingine.

Faida ya chungwa kwa mwili nayo haikai kwenye rangi ya ganda. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mabaharia wake wengi walikuwa wamedhoofishwa na kiseyeye. Shajara ya safari hiyo inaeleza kuwa mtawala wa Mombasa aliwapelekea kondoo na machungwa mengi, pamoja na malimau na miwa, na kwamba wagonjwa walipata nafuu mjini hapo. Mwandishi wa shajara alidhani ni hewa nzuri ya mji iliyowaponya. Ilipita miaka karibu 250 ndipo daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, mwaka 1747, akawagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili na kuwapa kila jozi tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Leo tunajua siri ilikuwa vitamini C, na kwamba gramu 100 za nyama ya chungwa huwa na takriban miligramu 50 zake. Vitamini hiyo imo katika chungwa la Mombasa na Muheza, ambalo ganda lake halijawahi kuonja baridi, na mlaji huipata kwa kula kilichomo ndani.

Rangi, zaidi ya hayo, inaweza kutengenezwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa California walikuwa wakiweka malimau ya kijani kwenye vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, na malimau yakageuka manjano. Walidhani ni joto. Walipobadilisha majiko na kutumia njia safi zaidi ya kupasha joto, rangi haikutokea. Ilibainika kuwa kazi ilikuwa ya moshi, na mwaka 1924 mtafiti Frank Denny akaonyesha kwamba gesi iliyomo katika moshi huo, ethilini, ndiyo inayoondoa ukijani. Tangu hapo vyumba maalumu vya gesi hiyo vimekuwa sehemu ya kawaida ya biashara ya machungwa duniani: tunda huingizwa likiwa kijani, likatoka baada ya siku chache likiwa na rangi. Gesi hailiongezei tunda sukari wala haipunguzi ukali wake. Inavua tu kijani kilichopo. Marekani ilikwenda mbali zaidi ikaruhusu ganda la baadhi ya machungwa ya kuliwa lipakwe rangi ya kiwandani iitwayo Citrus Red 2, kwa kiasi kisichozidi sehemu 2 kwa milioni. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Sisemi kwamba kila chungwa la dukani limepita kwenye chumba cha gesi, maana mengi hupata rangi kwa baridi ya kwao. Ninalosema ni kwamba kitu kinachoweza kuongezwa baada ya tunda kuchumwa hakiwezi kuwa shahidi wa namna lilivyokuwa mtini.

Wale ambao fedha zao zinategemea kilichomo ndani wamekwisha kuacha kuangalia ganda. Viwanda vya juisi vya Florida kwa miaka mingi vimemlipa mkulima kwa uzito wa sukari na yabisi nyingine zilizoyeyuka katika maji ya tunda. Ganda halina bei yake. Brazil, inayoongoza duniani kwa kuzalisha machungwa na kuuza juisi yake, hupima utamu na uwiano wake na asidi. Hata viwango vya kimataifa vinatuunga mkono, ingawa ni wachache wanaolijua hilo. Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, katika kiwango chake cha machungwa cha mwaka 2004, inatambua kwamba machungwa yanayokua penye joto kali na unyevu mwingi hewani yanaweza kuwa na ukijani unaozidi sehemu moja ya tano ya ganda, na inayaruhusu sokoni mradi yana maji ya kutosha. Kwa aina nyingi za kawaida, chungwa lenye rangi hutakiwa kuwa na maji yasiyopungua asilimia 35 ya uzito wake. La kijani hutakiwa kufikia asilimia 45. Chungwa la kijani linalotimiza sharti hilo limevuka mtihani mgumu kuliko lile la rangi. Vietnam nayo ina chungwa lake mashuhuri, cam sành, ambalo ganda lake ni la kijani, na wenyewe hulitafuta bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba wapo wakulima na wafanyabiashara wanaochuma machungwa kabla ya wakati ili wawahi bei nzuri ya mwanzo wa msimu, na mnunuzi aliyekwisha kuumwa na ukali wa chungwa bichi ana haki ya kuogopa kijani. Ni kweli, na tabia hiyo ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu chungwa halifanani na ndizi. Ndizi ikikatwa mbichi huivia ndani. Chungwa likishachumwa, utamu wake umekomea pale. Lakini pingamizi hili halitetei kipimo cha rangi. Pwani, chungwa bichi ni la kijani na lililoiva ni la kijani vilevile, kwa hiyo ukijani peke yake hauwezi kuyatenganisha. Kinachoyatenganisha ni uzito: lililoiva huwa zito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Ni ganda pia: la tunda lililokomaa huwa laini zaidi kwa kugusa, limetanuka na kupungua ukakasi, na kijani chake kimepauka kuelekea manjano badala ya kuwa kizito kama cha jani. Na kwa mnunuzi wa jumla, dawa ni kukata machache kutoka kila shehena na kupima utamu wa maji yake kwa kifaa kidogo cha mkononi, kazi isiyozidi dakika moja kwa tunda.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wanaoijua michungwa. Wao husema kwamba kijani kinaweza kuwa dalili ya ugonjwa, na wana hoja. Ugonjwa wa Huanglongbing, unaosababishwa na bakteria na kuenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu, huacha tunda likiwa na kijani kisichoondoka, na ndio uliovunja kilimo cha machungwa Florida: jimbo lililovuna maboksi milioni 244 msimu wa 1997/98 lilivuna pungufu ya milioni 20 msimu wa 2022/23, ugonjwa huo ukiwa umegunduliwa huko mwaka 2005. Lakini tunda la mti mgonjwa lina alama nyingine zilizo wazi. Huwa dogo, limepinda upande, mbegu zake zimesinyaa na kuwa nyeusi, na maji yake ni machungu. Majani ya mti nayo huwa na madoa ya manjano yasiyolingana pande mbili. Chungwa kubwa, la mviringo, zito na tamu halina hatia kwa sababu ya ganda lake. Na kuna jambo linalofaa kufikiriwa: aina ya ugonjwa huu iliyozoeleka Afrika hustawi zaidi kwenye miinuko yenye ubaridi, palepale ambapo ganda hupata rangi kwa urahisi. Joto la pwani limekuwa kinga ya kiasi fulani. Kinga hiyo sasa imo hatarini, kwa kuwa mdudu wa Asia anayestahimili joto ameripotiwa Tanzania tangu mwaka 2016, na huo ndio ukijani unaopaswa kuzinyima usingizi mamlaka za kilimo.

Pingamizi la tatu ni la soko: mteja anataka rangi, na mfanyabiashara humuuzia mteja anachotaka, basi nasi tujenge vyumba vya ethilini. Kwa anayelenga kuuza katika nchi za Ghuba au Ulaya, ambako rafu zimezoea rangi, hoja hii ina mantiki ya kibiashara. Kwa soko letu wenyewe haina. Chumba cha gesi kinahitaji umeme wa uhakika, udhibiti wa joto na unyevu, na mtu aliyefunzwa. Tena tunda lililopitishwa humo kwa muda mrefu huwa rahisi zaidi kuoza kuanzia kwenye kikonyo. Gharama hiyo yote ingelipwa na mkulima na mlaji kwa ajili ya kitu ambacho kitatupwa. Maana mlaji wetu wa kawaida hali ganda wala halitazami kwa muda mrefu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, muuzaji wa guta humenya chungwa kwa kisu, akaondoa ganda lote la nje na kubakiza utando mweupe, akalikata juu na kumkabidhi mteja pamoja na chumvi na pilipili. Mamilioni ya machungwa huliwa hivyo na hakuna anayeuliza lilikuwa na rangi gani. Kwa hiyo mteja anayedai rangi si kila Mwafrika Mashariki. Ni sehemu ndogo ya soko, ile ya maduka makubwa, hoteli na mikahawa, na sehemu hiyo imejifunza kudai hivyo kwa kuona picha za machungwa ya nchi nyingine.

La nne ndilo zito kuliko yote: machungwa ya nje hayavutii kwa rangi tu. Yamepangwa kwa ukubwa, mengi hayana mbegu, hayana michubuko, na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Hapa sina ubishi. Machungwa mengi ya kwetu hutikiswa mtini yakaanguka chini au hukwanyuliwa kikonyo kikabaki mtini, yakajazwa kwenye magunia ya lumbesa au kumwagwa ndani ya lori hadi juu, na yakifika sokoni ya chini yamepondeka. Mkulima naye mara nyingi humuuzia dalali shamba zima matunda yakiwa bado mtini, kwa bei ya kukadiria, hivyo hana sababu ya kusubiri yaive wala ya kutunza ubora ambao hatalipwa. Tena machungwa ya pwani, kwa sababu ya joto, hupoteza ukali haraka. Yakiachwa mtini kupita wakati huwa matamu yaliyopooza, na maji yake ni mepesi ya rangi kuliko ya nchi za baridi. Hizi ni kasoro za kweli, na zinaweza kutibiwa: mkasi wa kuchumia badala ya kutikisa, kreti badala ya lumbesa, kupanga kwa ukubwa, kuchuma kwa wakati wake, na kuuza kwa kilo. Lakini tazama kwamba hakuna hata moja inayotibiwa kwa rangi. Kadiri tunavyolaumu kijani, ndivyo tunavyoziacha kasoro halisi bila dawa, kwa sababu mkulima huambiwa tatizo lake ni hali ya hewa, kitu asichoweza kukibadilisha, wakati tatizo lake ni mkasi, kreti na mzani, vitu anavyoweza kuvipata.

Kwa hiyo yanayotakiwa si mengi. Hoteli, shule, hospitali na maduka yanayonunua kwa zabuni yaondoe rangi kwenye masharti yao na yaandike mahali pake kiwango cha maji na utamu. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yautangaze kwa Kiswahili ukweli ambao Codex imekwisha kuukubali, ili afisa wa ununuzi asiogope kupokea shehena ya kijani. Maofisa ugani na vyama vya ushirika wawe na vifaa vya kupimia utamu kabla ya kuvuna, ili uchumaji wa mapema uonekane kuwa ni udanganyifu na uadhibiwe kwa bei. Wakala wa Vipimo asimamie marufuku ya lumbesa kwenye machungwa kwa bidii ileile inayotakiwa kwenye viazi na vitunguu. Na wewe msomaji unayekwenda sokoni wikiendi hii, lishike chungwa la Muheza au la Makueni nchini Kenya mkononi, upime uzito wake, uguse ganda lake, kisha omba ukatiwe moja uonje kabla ya kununua. Likiwa zito, lenye maji mengi na tamu, limeiva. Lilipe bei ya chungwa lililoiva.